Dakika Zinavujia Wapi? Kutatua Tatizo la Muda Katika Mtihani wa Kusoma wa IELTS

"Mwalimu, muda haukunitosha." Kauli hiyo nimeisikia kwa wauguzi wanaotafuta usajili Uingereza, kwa vijana wanaoomba shahada ya pili nje, kwa mama mmoja aliyekuwa anamfuata mumewe Kanada. Wote huitoa kwa unyonge uleule, na karibu wote huwa wameshajiandikia dawa kabla ya kuujua ugonjwa: wanaomba wafundishwe kusoma kwa kasi.

Hebu tupige hesabu kwanza. IELTS ni mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, na sehemu yake ya kusoma, katika toleo la Academic la wanaokwenda chuoni au kusajiliwa kitaaluma, ina vifungu vitatu, maswali 40 na dakika 60. Vifungu vyote vitatu kwa jumla huwa na maneno kati ya 2,150 na 2,750. Chukua mtu anayekwenda polepole, maneno 150 kwa dakika. Huyo atavisoma vyote mwanzo hadi mwisho, neno kwa neno, kwa dakika 14 hadi 18. Zinabaki dakika zaidi ya 40. Akijifunza kusoma kwa kasi maradufu ataokoa dakika saba, labda tisa, na ataelewa pungufu ya alivyokuwa akielewa. Hizo dakika 40 nyingine ndizo zinazopaswa kuulizwa zilikwenda wapi.

Kila mtahiniwa ana tundu lake. Mwenzako alifaulu kwa kuanza na maswali kabla ya kifungu, wewe ukajaribu ukaharibikiwa, kwa sababu tundu lake na lako si moja. Kwa hiyo tafuta lako kwanza.

Vipimo viwili kabla ya dawa

Cha kwanza nakiita kipimo cha kalamu mbili. Chukua mtihani wa majaribio ambao hujawahi kuuona, kaa mezani, anza na kalamu ya bluu. Dakika ya 60 ikifika usiache. Weka bluu chini, shika nyekundu, endelea mpaka uridhike, hata ikichukua saa moja nyingine. Unaruhusiwa kubadilisha majibu ya bluu kwa wino mwekundu, ila usiyafute. Kisha sahihisha mara mbili: maksi za bluu peke yake, halafu maksi za yote.

Ukipata 22 kwa bluu na 31 kwa jumla, lugha unayo, muda ndio unaokuangusha, na mwongozo huu ni wako. Ukipata 22 kwa bluu na 24 kwa jumla, nakuomba uupokee ukweli huu kwa moyo mkunjufu: hata ungepewa siku nzima usingevuka hapo. Unachohitaji ni msamiati na mazoea ya sentensi ndefu za Kiingereza, na hivyo hupatikana kwa miezi ya kusoma kila siku, magazeti, majarida, chochote kinachokuvutia. Nimeona watu wakilipia mtihani mara tatu mfululizo wakidhani wanapigana na saa. Ada ya IELTS si pesa ya kuchezea, kwa wengi wetu ni zaidi ya mshahara wa mwezi.

Kipimo cha pili ni kuandika dakika pembeni. Katika mtihani wa majaribio unaofuata, kila unapomaliza kundi la maswali, tazama saa ya ukutani, andika dakika uliyofikia kando ya swali la mwisho la kundi hilo. Maswali ya 1 hadi 6, dakika ya 9. Ya 7 hadi 13, dakika ya 24. Hapo unaona mara moja kwamba maswali saba yalikula dakika 15. Fanya hivyo kwa mitihani mitatu kabla hujabadilisha chochote. Safu hiyo ya namba ndiyo itakayokuambia dalili ipi kati ya hizi zinazofuata ni yako.

"Kifungu cha tatu sikukigusa"

Hii ndiyo dalili ninayoisikia kuliko zote. Safu ya dakika za mtu mwenye tatizo hili hufanana: kifungu cha kwanza kiliisha dakika ya 26, cha pili dakika ya 51, cha tatu kikapewa tisa. Tena cha tatu ndicho kigumu kuliko vyote, maana mtihani huu hupanda ngazi kadiri unavyoendelea.

Sababu ya kwanza ni malezi ya darasani. Tulivyofundishwa ufahamu shuleni, mwalimu alisema soma kifungu chote, rudia tena, ndipo ujibu, na ujibu kwa sentensi kamili. Ulikuwa ushauri mzuri kwa kifungu cha aya tatu na maswali matano. Kwenye kifungu cha maneno 800 au 900 chenye maswali 13, kurudia kukisoma chote kabla ya kujibu ni kusoma aya ambazo hazitaulizwa kabisa. Ukiona kwenye safu yako kwamba jibu la kwanza la kila kifungu linakuja baada ya dakika nane au tisa, ndipo tundu lilipo.

Dawa yake: soma kichwa cha habari, soma sentensi ya kwanza ya kila aya, pitisha jicho kwenye yaliyobaki ukitambua tu wapi wanasema nini. Dakika mbili, tatu kwa kifungu cha mwisho. Unachotafuta hapo ni ramani ya kifungu, ujue mambo ya gharama yako chini na historia iko juu. Maana kamili utaisoma pale swali litakapokupeleka, na hapo usome kwa utulivu, bila pupa.

Sababu ya pili ni kung'ang'ania. Muuguzi mmoja niliyekaa naye alikuwa na safu nzuri ajabu, isipokuwa mahali pamoja: maswali mawili ya kifungu cha kwanza yalikuwa yamemla dakika saba. Nilipomuuliza alisema, "Nilijua jibu lipo, nisingeweza kuliacha." Namwelewa kabisa. Mtu aliyekuwa wa kwanza darasani maisha yake yote hawezi kuacha swali likiwa tupu, anaona kama ameiba. Lakini kila swali katika mtihani huu lina maksi moja, gumu na jepesi sawasawa. Dakika saba zile zilikuwa na thamani ya maswali manne au matano ya kifungu cha tatu ambayo hakuyaona hata kwa macho.

Hapa nikwambie jambo ambalo watu hawalipigii hesabu. Kwenye Academic, maksi takriban 30 kati ya 40 hukupa bendi 7, yaani daraja la 7 kwenye ngazi ya matokeo ya IELTS. Bendi 7 ya kusoma ndiyo anayohitaji muuguzi anayesajiliwa na baraza la wauguzi la Uingereza, NMC. Maana yake una maswali kumi ya kupoteza, na bado ukafika. Kwa bendi 6 zinatosha kama 23, unaweza kupoteza 17. Kuacha swali ni sehemu ya mtihani, na aliyefaulu vizuri ameacha mengi. Wanaofanya General Training, toleo jingine ambalo hutumiwa zaidi na wanaohamia nje, wawe na tahadhari zaidi, kwa sababu maandishi yake mepesi yanadai maksi nyingi: 30 pale huwa bendi 6, na bendi 7 inataka kama 34.

Kwa hiyo jiwekee mipaka mitatu ya saa: 17, 37, 57. Dakika ya 17 unaondoka kifungu cha kwanza, ya 37 unaondoka cha pili, ya 57 unafunga cha tatu, tatu za mwisho ni za ukaguzi. Nimechagua namba zinazoishia na saba ili zikukae kichwani hata ukiwa na hofu. Mpaka ukifika na maswali mawili hayajajibika, andika kisio lako, weka alama, ondoka. Hakuna maksi inayokatwa kwa jibu lisilo sahihi, kwa hiyo kisio hakikudhuru.

"Sentensi moja naisoma mara tatu"

Ukiona dakika zako zimetawanyika, hakuna kundi moja lililokula sana ila kila kundi limezidi kidogo, tundu lako liko ndani ya sentensi. Nitakaa hapa kwa muda, kwa kuwa vitabu vya maandalizi havikuandikwa kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili, na sisi tuna mitego yetu.

Mtego wa kwanza ni msururu wa majina. Kiswahili huanza na kitu chenyewe, sifa zikafuata: mpango wa bima ya mazao unaofadhiliwa na serikali. Neno la kwanza tu umeshajua tunazungumzia mpango. Kiingereza hukipeleka kitu chenyewe mwisho: "a government-funded crop insurance scheme". Anayetafsiri kichwani anaanza na serikali, anapita kwenye fedha, mazao, bima, na anapofika "scheme" ndipo anagundua kumbe ni mpango. Basi anarudi mwanzo kupanga upya. Hiyo ni mara ya pili. Akikuta misururu miwili kwenye sentensi moja, ndiyo hiyo mara ya tatu.

Jizoeze kuwinda jina la mwisho. Chukua aya moja kila siku, usijibu swali lolote, pigia mstari neno la mwisho la kila msururu kabla ya kitenzi au kiunganishi: katika mfano wa juu ni scheme, na ukikuta "the scheme's failure", hapo ni failure. Soma aya tena ukifuata mistari tu. Baada ya wiki chache jicho linajirukia lenyewe hadi mwisho wa msururu na mgongo wa sentensi unaonekana bila tafsiri.

Mtego wa pili ni "it". Tukisema lori liligonga ukuta ukaanguka, hakuna anayeuliza kilichoanguka ni nini, "u" imeshasema ni ukuta. Ngeli zinatubebea kazi hiyo bila sisi kujua. Kiingereza kinasema "the lorry hit the wall and it collapsed", na "it" ile inaweza kuwa lori au ukuta, wewe ndiye unayepaswa kuamua kwa akili. Mswahili anaipita "it" akidhani atafahamu mbele, anafika nusu ya sentensi inayofuata amepotea, anarudi. Basi kila ukikutana na it, they, this, such au the former, simama hapohapo nusu sekunde, uliza ni nani huyu, kwa karatasi chora mshale. Kusimama nusu sekunde ni nafuu kuliko kurudi aya nzima.

Wa tatu ni mdogo lakini unauma. "Few farmers" na "a few farmers", kwetu yote ni wakulima wachache. Kwao la kwanza linalalamika, ni karibu hakuna. La pili linasema wapo. Anayesoma yote kwa namna moja hukuta aya inajipinga, akadhani amekosea mahali, akaanza upya kutafuta kosa ambalo halipo. Ndivyo ilivyo pia kwa "unless", ambayo wengi huisoma kama "if" kisha sentensi ikageuka kichwa chini.

Neno usilolijua ni suala jingine. Ukilikuta, angalia kama swali linalihitaji. Mara nyingi halihitaji, au kifungu chenyewe kinalieleza baada ya mkato. Ukijikuta unasimama kwa zaidi ya maneno matano au sita katika aya moja, rudi kwenye kipimo cha kalamu mbili: huenda saa unaisingizia.

"Kweli, Si Kweli, Haikutajwa yananimaliza"

Kundi hili, ambalo unapewa dai uamue kama kifungu kinalithibitisha, kinalikanusha au hakikulisemea, lina ugonjwa wa peke yake. Kweli unaiona, Si Kweli unaiona, lakini Haikutajwa haionekani, na mwanadamu hawezi kumaliza kutafuta kitu ambacho hakipo. Anasoma kifungu chote mara ya pili kuhakikisha. Swali moja, dakika nne.

Kinachokuokoa ni mpangilio. Maswali haya hufuata mtiririko wa kifungu. Ukilipata swali la 3 kwenye aya ya pili na la 5 kwenye aya ya nne, la 4 liko kati ya hapo. Soma kipande hicho tu. Ukikuta mada yake inatajwa lakini dai lenyewe halithibitishwi wala halikanushwi, ni Haikutajwa, andika uendelee.

Tuseme kifungu kinasema: "After the drought, most farmers in the district planted the new maize." Dai moja linasema ni wakulima wachache tu wa wilaya hiyo waliopanda mahindi mapya baada ya ukame. Hilo limekanushwa waziwazi, ni Si Kweli. Dai jingine linasema mahindi mapya yalitoa mavuno mengi kuliko ya zamani. Wewe moyoni unaona lazima iwe hivyo, la sivyo wangeyapandia nini? Lakini kifungu hakikusema. Kila unapojikuta unatumia "lazima" au "bila shaka" kujenga daraja kati ya kifungu na dai, daraja hilo umelijenga wewe, jibu ni Haikutajwa.

Hapo ndipo ujuzi wako mwenyewe unapogeuka mzigo. Mtu wa Moshi akikuta kifungu cha kahawa, au mtu wa Pemba akakuta cha karafuu, hufurahi, kisha huanza kubishana nacho. Nimeona watu waelewa wakipoteza dakika tano kwa sababu kifungu kilisema jambo lisilolingana na wanavyolijua shambani kwao. Katika saa ile moja, kifungu ndicho kinachojua.

Kipimo cha muda: ukishapata kipande chenye mada, sekunde 60. Zikipita bila jibu, Haikutajwa. Hutapatia yote, lakini utapatia mengi kuliko unavyodhani, na dakika zitabaki mkononi. Na uandike maneno yaleyale yaliyotajwa kwenye maelekezo, kwa kuwa kuna kundi linalotaka TRUE na FALSE na jingine linalotaka YES na NO.

"Vichwa vya aya vinachanganya"

Hapa unapewa orodha ya vichwa, uchague kinachofaa kila aya. Angalia jinsi unavyofanya. Wengi husoma aya, kisha wanapitia orodha ya vichwa tisa au kumi wakijaribu kila kimoja. Aya saba kwa vichwa kumi ni majaribio sabini. Si ajabu dakika 14 zimekwisha.

Geuza utaratibu. Soma aya, funika orodha kwa mkono, andika pembeni maneno mawili ya Kiswahili: "gharama zimepanda", "walijaribu wakashindwa", "asili ya wazo". Ndiyo, Kiswahili. Nimekukataza kutafsiri sentensi, sikukukataza kufikiri. Kuikamua aya nzima ibaki maneno mawili kwa lugha unayoimiliki ni jambo la sekunde chache. Ukishayaandika ndipo ufunue orodha, utafute kichwa kinachofanana na maneno yako. Mara nyingi kitakuwa kimoja, pengine viwili. Vikiwa viwili, andika vyote, endelea. Aya zinazofuata zitachukua kimoja.

Jihadhari na chambo. Kichwa kinachotaja neno lililomo ndani ya aya, hasa jina au mwaka, mara nyingi kimewekwa kukuvuta. Neno lilitajwa mara moja kwa mfano tu, aya yenyewe inahusu jambo jingine.

Kuhusu mpangilio nina msimamo, ingawa walimu wenzangu wengine hawakubaliani nami. Vichwa vya aya huwekwa kabla ya kifungu, basi watu huanza navyo. Mimi nasema anza na maswali yanayofuata mtiririko: Kweli na Si Kweli, kukamilisha sentensi, kuchagua jibu. Yakiisha, umeshazisoma aya nyingi kwa makini bila kukusudia, na vichwa vinajibiwa kwa nusu ya muda. Yale maswali ya "ni aya ipi inayotaja..." yawe ya mwisho kabisa ya kifungu, kwa kuwa hayafuati mtiririko wowote na hulipa aliyekwisha kukizoea kifungu. Jaribu njia zote mbili kwa mitihani miwili miwili, linganisha safu za dakika, ufuate inayokufaa.

"Nilimaliza mapema lakini maksi hazikuja"

Ukimaliza dakika ya 50 na kupata 24, umesoma haraka mno au hukusoma maelekezo. Hesabu makosa yako kwa aina. Kama mengi yako kwenye kujaza nafasi, tazama idadi ya maneno: wakisema yasizidi mawili, ukaandika matatu, jibu limekufa hata kama ni sahihi. Tazama tahajia pia, kwa sababu neno lipo kwenye kifungu na ni la kunakili tu, na likikosewa herufi huhesabiwa kosa. Tazama umoja na wingi. Dakika kumi ulizobakiza zingetosha kuyaona yote hayo.

Karatasi na skrini

Anayefanya kwa karatasi ana hatari moja kubwa kuliko zote, na mimi mwenyewe ilinipata nilipofanya mtihani huu mara ya kwanza. Katika sehemu ya kusikiliza inayotangulia, watahiniwa wa karatasi hupewa dakika kumi mwishoni za kuhamishia majibu kwenye karatasi ya majibu. Kwenye kusoma hazipo. Zile 60 ndizo zote. Nilijibu kwenye kijitabu cha maswali nikisubiri muda wa kuhamisha, msimamizi akatangaza zimebaki dakika tano, na nikaanza kunakili mkono ukitetemeka. Niliruka swali la 14, jibu lake nikaliweka kwenye mstari wa 15, na yote yaliyofuata yakahama. Andika moja kwa moja kwenye karatasi ya majibu, kwa penseli, na usiache mstari mtupu hata pale unapokisia, maana mstari mtupu ndio unaoanzisha kuhama.

Kwenye kompyuta saa iko juu ya skrini na majibu hayahami. Tundu la huko ni kusogeza ukurasa. Kifungu kiko kushoto, maswali kulia, na kila upande unasogea peke yake. Kwenye karatasi mkono unakumbuka kwamba jina lile lilikuwa chini kushoto, kwenye skrini kumbukumbu hiyo haipo, na mtu anapandisha na kushusha kifungu akitafuta. Katika zile dakika mbili za kupata ramani, paka rangi majina ya watu, miaka na istilahi unazokutana nazo. Baadaye zitakuita zenyewe. Na kama umezoea kusomea vitabu tu, usichague kompyuta kwa sababu matokeo yanatoka haraka, mpaka umefanya angalau mitihani minne ya majaribio kwenye skrini kubwa. Simu haihesabiki.

"Nyumbani namaliza, siku yenyewe simalizi"

Linganisha mazingira. Nyumbani ulifanya kifungu kimoja asubuhi, ukanywa chai, ukafanya cha pili jioni. Siku ya mtihani kusoma kunakuja mara tu baada ya kusikiliza, bila mapumziko, na kuandika kunasubiri nyuma yake. Kichwa kimeshafanya kazi zaidi ya nusu saa kabla hujaona neno la kwanza. Kila mtihani wa majaribio wa kusoma uutangulize na wa kusikiliza, mfululizo, bila kuinuka.

Tena nyumbani ulitumia simu kuhesabu muda, ikakulilia zilipobaki dakika tano. Ndani hakuna simu, na saa ya mkononi huruhusiwi kuingia nayo. Anayefanya kwa karatasi atategemea saa ya ukutani, basi fanya mazoezi na saa ya ukutani. Mara tu unapoambiwa uanze kusoma, andika juu ya kijitabu nyakati zako tatu: kama kusoma kunaanza saa 4:10, basi 4:27, 4:47, 5:07. Kujumlisha katikati ya mtihani kunakula akili.

Na kama ni woga? Woga upo, sitaudharau. Huwapata zaidi wale ambao nafasi ya kazi au ya chuo inaning'inia kwenye namba moja. Unapoupata mkono wa baridi katikati ya kifungu, usijaribu kuendelea na swali lilelile. Nenda kwenye swali la kujaza nafasi lenye jina la mtu au mwaka, ambalo jicho linaweza kulipata bila kufikiri sana. Ukilijibu, pumzi inarudi.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, rudia kipimo cha kalamu mbili. Wino mwekundu ukionekana kwenye maswali mawili matatu tu, weka vitabu kando, hakikisha pasipoti uliyojiandikishia iko mfukoni, ulale mapema.